Siku ya Kurudisha Jaketi

Jaketi namba kumi na nne nimelirudisha kwa Mafuru.
Amelinusa, amelitundika, ameniambia: saini hapa.
Wiki nane zimeishia kwenye msumari.

Saa nne asubuhi tulikuwa bado kituo cha mwisho,
mashariki ya Kome, injini imezimwa.
Nilishusha sahani, robo nyeupe robo nyeusi,
kamba ikapita vidoleni fundo kwa fundo
hadi sahani ikawa ukungu, ikawa labda, ikawa hakuna.
"Usiandike unapoikumbuka," Dokta Nyanjige alinionya siku ya kwanza.
"Andika inapopotea."
Mita moja na nusu. Nikaandika.
Mwandiko wangu umeshajifunza kuyumba.

Nilipanda meli nikijua ziwa.
Mimi wa Kirumba, niliyekua na magamba kwenye daftari la hesabu,
na harufu ya dagaa ndani ya sare iliyofuliwa mara mbili.
Kumbe nilijua ngozi yake tu.
Kule chini, mita hamsini, kipimo kilisoma sifuri.
Nikadhani kimeharibika, nikakigonga.
Majura wa injini alicheka mpaka akadondosha spana:
"Binti, kizima hicho. Huko maji hayapumui."
Usiku ule nililala chali,
nikihesabu pumzi zangu kama mtu anayehesabu chenji.

Sitasema nilikuwa shujaa.
Ghuba ya Speke ilipochafuka nilitapikia ndoo ya sampuli,
wakaiandika kwa kalamu isiyofutika: NDOO YA KABULA.
Nimeiacha na jina lake.
Wala sitasema nimewazoea wale wadudu
wanaosimama juu ya maji kama moshi usio na moto,
halafu wanaingia puani, ugalini,
katikati ya sala ya mpishi.

Dokta amegonga muhuri. Wino umekolea upande mmoja.
"Una jicho," amesema. Basi.
Neno hilo nimeshuka nalo ngazi kama nimebeba yai.

Nchi kavu inayumba.
Nimeshika nguzo ya taa pale bandarini,
kijana wa bodaboda ameniuliza kama nimelewa.

Mama yuko Mwaloni, anapepeta dagaa watoke mchanga.
"Wamekulipa?"
"Fildi hailipwi, mama."
"Miezi miwili majini, huna hata sangara?"

Nimetoa mfukoni jiwe la sikio la sangara,
jeupe, kama ukucha wa kidole gumba.
"Hizi pete ni miaka yake. Kila pete, mwaka."
Amelielekeza juani. Amehesabu kwa midomo,
amekosea, ameanza upya.
Kumi na moja.
Hakusema kitu. Amelifunga kwenye pindo la kanga
pamoja na noti za leo,
kisha akanisukumia ungo.