Kitambaa cha Ndani ya Mshono

Nilizaliwa mwaka wa njaa, Kimilili,
mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti.
Kukhu akaniita Nanjala
ili njaa ijue imeshahesabiwa, isirudi.
Ikarudi. Mimi ndiye niliyeifungulia,
nikaipa kiti, nikaipa sahani yangu,
na ghala lilikuwa limejaa.

Hilo ndilo nililoshindwa kumweleza mtu:
ghala limejaa, nami nimesimama mlangoni
na sweta mbili mwilini saa sita mchana,
nywele zikibaki kitanani kama ndevu za mahindi.

Sasa nakula.
Hakuna aliyeniambia kwamba kupona huvimbisha.
Kifundo cha mguu, ukikibonyeza, kinabaki na shimo
kama kinyunya cha mandazi.
Uso wa asubuhi si wangu, ni wa shangazi Nasipwondi
siku ile alipolia matangani hadi macho yakafunga.
Tumbo linatangulia mlangoni, mimi nafuata.
Usiku jasho, shuka chapachapa;
mwili unawasha moto katika vyumba
vilivyofungwa miaka mitatu.

Jerotich wa zahanati hana maneno mengi.
Ananipima nikiwa nimeipa mizani mgongo.
"Maji yatapungua. Mwili unaweka kwanza
pale unapoogopa kuibiwa.
Utasambaza baadaye, ukikuamini."
Ukikuamini!
Nami nilidhani mimi ndiye wa kuuamini.

Saa nne, uji wa wimbi wenye karanga.
Saa saba, ugali, si matonge matatu,
ugali wa mtu aliyelima.
Saa kumi, chai ya maziwa na viazi vitamu viwili.
Kiazi cha pili ndicho vita.

Njaa yenyewe, ile ya kweli, ilikuja wiki ya tano
kama ng'ombe waliovunja ua.
Nilikula maharagwe ya kesho nimechuchumaa jikoni,
nikala mkate wa Makokha wa kwenda nao shuleni,
nikalia, kwa kuwa shibe haikuja.
Mama akaamka, akanimulika kwa simu.
Nikasubiri neno.
"Kuna parachichi juu ya kabati," akasema,
akarudi kulala.

Sokoni wananipongeza.
"Nanjala, umenona! Siku hizi unakula nini?"
Ni salamu. Ni baraka, najua.
Bado inanichapa kama mlango wa bati kwenye upepo.
Naibeba hadi nyumbani, naiweka mezani,
kisha nakula mbele yake.

Jumamosi nilimpelekea Namarome sketi ya kanisa,
ile aliyonishonea nikiwa kidato cha pili.
Zipu ilikuwa imekwama katikati;
nilijifungia nayo chooni nusu saa, nikiitukana.
Nilitaka kumwambia, iache tu, nitapungua.
Hakuuliza. Aliipindua,
akanionyesha ndani ya mshono
kitambaa cha upana wa vidole viwili,
rangi yake bado mbichi, haijawahi kuona jua.
"Niliacha hiki siku ileile.
Nani hushona akidhani mtu atabaki vilevile?"
Wembe ukapita kwenye uzi, tk, tk, tk,
na redio yake ikitaja bei ya mahindi.

Imenienea. Palipofunguliwa pana mstari
mweusi kidogo kuliko kwingine.
Unaonekana, ukitaka kuutazama.

Damu nayo imerudi mwezi huu, bila hodi.
Kwenye paji kuna vinywele vifupi vilivyosimama
vikikataa mafuta, vikikataa kitana.
Sijui kama naupenda mwili huu.
Nimeacha kuutumia barua za kuufukuza.

Saa kumi.
Mvua ya Elgon inateremka juu ya bati.
Kiazi cha kwanza nimekimaliza.
Cha pili nimekimenya, bado kina moshi,
nakipuliza.