Kumbukumbu za Mkutano, Kadutu

Waliohudhuria: arobaini na mmoja.
Niliandika majina thelathini na moja,
na mwishoni, kwa biki yangu ya buluu, "na wengineo".
Wengineo kumi walikaa karibu na mlango,
migongo kwenye ukuta uliolowa,
alama za kamba zingali kwenye mapaji.

Chama chetu kiliitwa Sauti Moja.
Mvua ilipiga mabati hata tukapayuka
ili kusikilizana. Jambo lenyewe lilikuwa dogo:
kituo cha kuandikisha wapiga kura, pale shuleni,
mashine huzimika zamu ya wanawake ikifika.
Akitokea mwanamume nyuma, jenereta inapona.

Mwalimu Mugoli alitaka barua.
Nakala tatu, muhuri, salamu za heshima kwa meya,
tuvae vitenge vya sare, tusimame kimya
"ili wasipate la kusema."
Ntakwinja, muuza sambaza, akacheka kwa pua:
"La kusema watalipata hata tukivaa mbawa."
Yeye alitaka mji ufe siku moja:
soko lifungwe, masufuria yapigwe,
tukae chini njia panda ya Essence,
magari yatukanyage yakitaka.

Mmoja akaitwa mke wa serikali.
Mwingine akaitwa mama samaki, na aliyemwita ameziba pua.
Dada wawili wa tumbo moja wakahamiana benchi.

Ndipo Nsimire akainuka pale mlangoni.
Hakunyoosha mkono; mikono ilishika kamba.
"Nabeba muhogo, kilo sabini, kutoka ziwani mpaka huku juu.
Barua yenu siwezi kuisoma.
Soko likifungwa Jumatatu, wanangu wanalala njaa hadi Jumatano.
Na hakuna aliyeniuliza kama nina kadi.
Nilipanga foleni siku nne.
Waliniambia: weka mzigo chini kwanza.
Nilipouweka, wakasema nafasi imepita."

Mugoli akatazama saa.
Ntakwinja akatazama viatu vyake.
Mimi nikatazama karatasi, sikuandika.
Nilijiambia mistari imebaki michache,
na hii si hoja, ni malalamiko.

Barua ilikwenda. Masufuria nayo yalikwenda,
siku nyingine, njia nyingine,
na kila upande ukasema ule mwingine umeharibu.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, alfajiri,
nilipita shuleni. Mlangoni pa kituo, magunia ya muhogo,
yamepandana mpaka kwenye kitasa,
na juu yake wanawake kumi
wanakula ndizi za kuchoma, hawasemi na mtu.
Karani alikuwa ndani, amefungika.
"Mlisema tuweke mizigo chini,"
Nsimire alimwambia kupitia dirishani.
"Tumeiweka."

Leo nimefungua daftari.
"Wengineo" bado lipo, wino haukufifia.
Ukingoni pana nafasi ya majina kumi
nikiubana mwandiko.
Nayajua manne.