Ushahidi Hautoshi

Kamera ilikuja Jumanne, kwa kivuko cha saa mbili asubuhi,
imefungwa kwenye mfuko wa plastiki kama mkate.
Aliyeibeba aliitwa Ubaldo, kijana wa Santiago,
viatu vyake havijawahi kuonja tope la Chiloé.
"Dakika arobaini, mwalimu Eduvina," alisema.
"Fanya kama sipo."

Miaka ishirini na sita nimefanya kama nipo.

Wizara ilitaka kunipima:
lengo ubaoni, utangulizi, maswali matatu ya wazi,
hitimisho kabla ya kengele.
Usiku kucha nililinyoosha andalio la somo
kama anayepiga pasi shati la kuazima.
Nilivaa hata hereni.

Somo lilikuwa sehemu: nusu, robo, thumni.
Nilileta viazi. Viazi vya kwetu ni vya zambarau,
vimepinda kama vidole vyenye baridi yabisi.
Ukikata kimoja katikati
nusu zake hazilingani hata kidogo,
na hapo ndipo hesabu huanza.

Dakika ya sita, mvua.
Asiyeishi chini ya bati hajui:
ile si sauti, ni ukuta.
Midomo yangu ilicheza, hakikutoka kitu.
Ubaldo aligusa sikio, akatikisa kichwa.

Mvua ya namna hii ina desturi yake,
hatujaiandika popote.
Naweka chaki chini, watoto wanalizunguka jiko la kuni,
tunafundishana kwa mikono.

Elicer Chiguay,
ambaye tangu Machi hajanipa hata salamu
(baba yake alipiga mbizi kwenye vizimba vya samoni,
wakarudi wenzake),
alichukua kile kisu butu,
akakata kiazi, akatazama,
akakata tena, akapunguza upande uliozidi,
akapima kwa kiganja
mpaka vipande vinne vikawa ndugu.
Akanipa kimoja.
Akampa Rosalba.
Akampa Ubaldo, ikabidi ashushe kamera ili apokee.
Cha nne akakiweka ukingoni mwa benchi,
mahali pasipo na mtu.

Sikuuliza cha nani.
Hiyo nayo ni kazi, kulijua swali la kuliacha,
na chuo changu hakikuitolea cheti.

Barua ilifika Desemba, muhuri juu, muhuri chini.
Matumizi ya muda: dhaifu.
Maswali ya wazi: hayakusikika.
Kuanzia dakika ya kumi na nne: picha ya sakafu.
Ushahidi hautoshi.

Shemeji anasema nikate rufaa.
Labda. Mshahara ni mshahara, sifa hazinunui kuni.
Wala sisemi wamekosea kupima:
fundi asiyepimwa, nyumba yake
humwangukia aliyelala ndani.
Nimewahi kufanya kazi na mafundi wa aina hiyo.
Siku moja moja, nimewahi kuwa mmoja wao.

Fomu ya rufaa ina kisanduku:
*Eleza kwa ufupi yasiyoonekana.*
Wameacha mistari miwili.

Niliandika *mvua*, nikafuta.
Niliandika *vipande vinne*, nikafuta,
karatasi ikaanza kutoboka.

Nimeitazama tena ile picha ya sakafu waliyonitumia.
Mbao, majivu kidogo, ganda moja la kiazi,
na pembeni kabisa, ncha ya kiatu cha Elicer,
kimefungwa kwa uzi wa wavu,
kimeelekea kwangu.