Zidaka za Kiponda

Bi Kazija hakunikaribisha, alinipisha tu.
"Piga. Wamepiga wengi.
Picha haijapata kuziba tundu."

Nikapiga ufa: umeanzia kwenye zidaka,
ukapanda hadi boriti ya mkoko iliyoota uyoga.
Nikapiga ngazi, vipandio kumi na saba;
cha tisa hakipo, wajukuu wanakiruka hata gizani.
Nikapiga ukuta ulipobambuka:
kijani, chini yake buluu, chini yake chokaa tupu,
na ndani ya chokaa, kiganja cha fundi.
Sijui alijisahau au alikusudia.

"Methali ya ufa tumeisoma sote," akasema.
"Warithi ishirini na mmoja,
Maskati, Mombasa, mmoja hajulikani aliko.
Kila mtu ana kidirisha chake,
paa halina mwenyewe."

Nikamwomba asimame ukutani, nipate kipimo.
Akaenda kwanza kubadili kanga.

Mvua ya masika ikaushusha ukuta ule
Alhamisi, mwenyewe yuko khitmani Malindi.
Fundi Ubwa akaja na ndoo zake za chokaa,
akaishika picha yangu kwa vidole vyeupe,
akahesabu matao ya zidaka.
"Matano. Au sita?"
La sita limezibwa na bega la Bi Kazija.

Akapelekewa picha.
Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.
"Hapo kilikaa chetezo cha mama.
Tao lake lilikuwa dogo kuliko mengine,
limeinama kidogo, upande wa kibla.
Andika."