Kitanda cha Juu

Njoro, baridi ya Julai.
Siku ya nne Khaemba hajateremka.

Kwao Chwele wanamwita Daktari
tangu matokeo ya kidato cha nne:
fahali akauzwa, hema likakodiwa,
mchungaji akaiombea kalamu yake.

Simu ikilia anajikohoza kwanza.
"Niko sawa, Mama. Nasoma."
Sauti kavu, ya karani asomaye majina.
Kisha anaugeukia ukuta.

Jana niliona chini ya godoro
barua ya kurudia mwaka,
imekunjwa hata haikunjiki tena.

Mimi maneno sina.
Nina chai, nusu mkate,
na kesho mtihani wa anatomia.
Nikapanda, nikakaa miguuni pake.
"Hata mimi nimeanguka, Khaemba. Mara mbili."

Chuma cha kitanda kikagumia.
Muda ukapita. Halafu, kutoka ukutani:

"Umetia sukari?"