Hakuna Mtandao

Mwalimu Masinde amepanda ngazi za Luthuli hadi ghorofa ya tatu,
akihema, simu mkononi kama mgonjwa wa kuletwa kliniki.
"Inawaka," asema, "inahesabu, inaonyesha picha.
Ila haiongei na mtu. Hakuna mtandao."

Hanikumbuki. Mimi namkumbuka:
Chiromo, mwaka wa themanini na saba,
vumbi la chaki hadi kwenye kiwiko,
akichora ubaoni njia mbili za mbio.
Ya kwanza silikoni, binti wa mchanga,
mchanga uleule ambao malori ya Machakos
yalikuwa yakiumwaga Umoja usiku.
Ya pili galiamu na aseniki, ndoa ya madini na sumu;
humo elektroni hukimbia
kana kwamba zimeona mlango umeachwa wazi.

"Andikeni: baada ya miaka kumi
silikoni itabaki ya kujengea nyumba."
Mwanzia, nyuma kabisa, akanyoosha mkono:
"Na bei, Mwalimu?"
Tukacheka. Mwalimu akaweka dau, mbuzi mzima.

Galiamu ilikimbia kweli.
Lakini ilivunjika kama kigae mikononi mwa walioikata,
tena haikujua kujifunika.
Silikoni ukiichoma hewani huota ngozi yake yenyewe,
ngozi ya kioo,
na juu ya ngozi hiyo watu wakajenga mji.

Kulikuwa na silikoni nyingine, ya moto, ya swichi zisizolala,
jiko linalowaka hata sufuria ikiwa haipo.
Na nduguye mpole
anayekula umeme pale tu anapogeuka,
kisha akanyamaza.
Walimwita kobe. Wakampunguza mwili,
wakampunguza tena,
na kila alipopungua akaongeza mwendo
hadi uwanja ukawa wake.
(Siku hizi naye kauona ukingo. Joto.
Mbio za sakafuni.)

Mbuzi hakuliwa. Mwanzia alikwenda Thika kuuza pampu.

Nafungua simu. Chini ya hadubini
ubongo wa silikoni ni mzima, hauna doa.
Karibu na antena, kipande kidogo kuliko punje ya wimbi
kimepasuka: ndicho kinachoisukuma sauti
kutoka mfukoni hadi mnara ulio juu ya benki.

"Kimetengenezwa kwa nini hicho?"
"Galiamu na aseniki, Mwalimu."

Anainamia hadubini, anakaa.
Spika zinazojaribiwa dukani chini zinatetemesha bisibisi mezani.
"Kwa hiyo," asema bila kuinua jicho,
"yule wangu alipewa mdomo."
"Na wa Mwanzia akapewa kichwa."

Nabadilisha kipande. Mia nane.
Simu inatafuta, inatafuta,
vijiti vinne vinasimama,
jumbe za siku tatu zinaingia kwa mkupuo.
Sasa ananitazama upya.
"Wewe ulikuwa dawati gani?"
La dirishani, namwambia.
Ananyoosha noti ya elfu, anasita, hajaiachilia.
"Una namba ya yule kijana wa bei?"