Mafuta ya Kwato

Issát, mguu ulionitumia umefika,
umeviringishwa gazeti la Kautokeino na kipande cha neti.
Dereva wa basi alinikabidhi bila neno,
akajifuta mikono kwenye suruali.

Nimeupasua katika chumba cha baridi.
Paja kwanza: mafuta meupe, makavu kama nta,
kisu kinalia.
Nikashuka. Goti. Kifundo. Karibu na kwato
uboho ukanichuruzikia kwenye glavu,
kwenye baridi ileile, saa ileile.

Mama alijua.
Kila Januari alichemsha kwato za kulungu wa theluji,
akaengua mafuta, akatupakia viatu vya ngozi.
Ya paja hupasuka, alisema. Ya kwato hayagandi.
Nilipouliza kwa nini, alinipa kiatu cha pili nipake.

Basi sikiliza, nimeshapaka vya kutosha.

Kila seli ina ngozi, na ngozi hiyo haikushonwa.
Ni umati tu, safu mbili,
vichwa nje kwenye maji, mikia ndani, imeyakimbia.
Fosfolipidi, ndilo jina. Mmoja ni mdogo hivi:
gliseroli, benchi fupi la kaboni tatu;
wawili wameketi na mikia mirefu ya mafuta,
wa tatu kabeba fosfeti, na juu ya fosfeti, kolini.
Hakuna anayewapanga. Wamwage majini
watasimama wenyewe,
kama sisi siku ile kaburini kwa Mama,
migongo kwa upepo, nyuso ndani,
na hakuna aliyesema tusogeleane.

Na huundwa wapi? Ndani kabisa,
kwenye utando uliokunjwakunjwa kama shuka la mgonjwa.
Kimeng'enya humpa gliseroli mkia wa kwanza,
kingine humpa wa pili,
cha tatu humchomoa fosfeti aliyokuja nayo,
ndipo kolini huingia na fosfeti yake mwenyewe,
mgeni aliyebeba kikombe chake.
Wapya wote hutokea upande mmoja.
Pasipo protini ya kuwapindua, nusu yao ng'ambo,
utando ungevimba kama mkate uliosahauliwa.

Nilitaka kukwambia la kwato, nikapotea.

Ni hivi. Mkia ulionyooka hulala ubavuni mwa mwenzake,
na baridi ikija hushikana, hugandana, basi.
Lakini kipo kimeng'enya kinachonyofoa hidrojeni mbili,
mbili tu,
na mkia unapinda katikati.
Uliopinda hauna ulalo. Humpiga jirani kiwiko,
huacha nafasi, na katika nafasi hiyo
utando hubaki ukitiririka.
Huko chini, damu inakofika imeshapoa kama maji ya mto,
mnyama amejaza mikia iliyopinda.
Pajani, kwenye joto, ameiacha imenyooka.
Mwili mmoja, Issát. Kama anajua anakanyaga nini.

Torbjørg wa meza ya pili akanikatiza:
uboho ni akiba, si utando, usichanganye.
Kweli. Nikarudi, nikaosha, nikatenga utando peke yake,
siku nne, mashine ikinung'unika usiku,
ikichora vilima, kila kilima aina moja ya mkia.
Vilima vya waliopinda vilizidi kadiri nilivyoshuka.
Nilimwonyesha. Akasema, hm,
akaenda kunywa kahawa.

Nilitamani kumpigia Mama.

Sasa unaniuliza kwenye simu, si habari ya kaboni,
unauliza kama yamebaki mafuta,
viatu vya Ravdna mdogo vimekauka na shule Jumatatu.
Yamebaki. Kijiko kimoja na nusu.
Nayatuma kwa basi lilelile, katika chupa ya maabara,
imeandikwa kumi na nne, karibu na kwato, kushoto.
Usijali maandishi.
Mpe kitambaa apake mwenyewe,
na akiuliza kwa nini,
mpe kiatu cha pili, kisha nipigie.